Vidole vya Shemasi wa Waya

Ukimmiminia chai, kwanza alikuonyesha vidole. Vitatu: endelea, nafasi bado ipo. Viwili: punguza kasi. Kimoja: tunakaribia. Ngumi: simama hapo hapo, hata kama birika liko hewani na mkono unakuuma. Nilimmiminia huyu mtu chai miaka mingi katika kanisa letu la Nechells, Birmingham, na sikuwahi kumwaga hata tone kwenye kisahani chake, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kisahani cha mchungaji. Kiganja kizima sikuwahi kukiona. Kiganja kizima, alituambia, maana yake ni "leta vyote ulivyo navyo, nina pa kuviweka," na yeye hakumjua binadamu anayeweza kusema hivyo bila kudanganya.

Tulimwita Shemasi wa Waya. Jina alikuwa nalo, ila hakupenda litumike. Alisema majina ni urembo wa wanadamu. Mtandao unataka anwani tu, na anwani yake ni kiti cha mwisho karibu na kabati. Katikati ya wiki alitengeneza mitandao ya maghala upande wa Washwood Heath. Jumapili alilinda wa kwetu. Ufunguo wa kabati lenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, aliuvaa shingoni, pale ambapo wengine huvaa msalaba, na mchungaji alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba msalaba hauibwi.

Kanisa letu ni ghala. Upande huu wanabadilisha matairi, upande ule wanahifadhi mabomba ya bafu, na sisi tuko katikati tukiimba. Intaneti ilikuwa laini moja nyembamba ya bei nafuu, na kila mtu aliing'ang'ania: mchungaji akirusha ibada kwa ndugu zetu wa Eldoret na Bukavu, vijana na video zao, watoto na michezo yao, kwaya ikisaka midundo. Na Mama Zawadi.

Mama Zawadi alitoka Kivu ya Kusini. Alipewa chumba Winson Green, katika nyumba ya wakimbizi isiyo na intaneti, na pesa za bando hakuwa nazo. Mama yake alibaki Uvira, mzee, masikio yamechoka. Simu aliyotumia bibi huyo ilikuwa ya jirani, na jirani alimwazima Jumapili tu, tena kwa muda mfupi kabla betri haijakata roho. Kwa hiyo ama sauti ipite Jumapili, pale ukumbini kwetu, ama mama na binti wangoje wiki nyingine. Hilo ndilo lililotegemea waya wa Shemasi. Mengine mengi nitakayosimulia ni vituko, na nitacheka nikiyasimulia, lakini hilo halikuwa kituko.

Kabla ya Shemasi kuja, aliyewahi ndiye aliyepita. Ibada ya mchungaji ilijaza laini, densi za vijana zikafuata, na sauti ya bibi wa Uvira ikafika vipande vipande: "Zawa… ku… mbu…" Mama Zawadi alisimama kwenye ujia wa kutundikia makoti, simu imegandamizwa sikioni, akiita "Mama? Mama?" mpaka betri ya huko ikazimika. Kisha alirudi kitini kuimba pambio kama wengine. Mimi nilikuwa zamu ya chai pale ujiani, na kila Jumapili nilijikuta nasugua kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Shemasi alikuja, akaisikiliza hiyo "Mama? Mama?" Jumapili mbili tatu, kisha akaomba nafasi wakati wa matangazo.

"Ndugu zangu," alisema, "kile kisanduku kina mlango mmoja. Kila mnachotuma kinakatwa vipande vidogo, tunaviita pakiti, na pakiti zinapanga foleni mlangoni. Mwenye pakiti nyingi anajaza foleni. Mama Zawadi ana chache, ndogo, za sauti tu, na zinasimama nyuma ya densi za watoto wenu. Kuanzia leo kila mtu ana foleni yake. Mlango utachukua moja hapa, moja pale, zamu kwa zamu. Anayetaka kujaza, ajaze foleni yake mwenyewe."

"Amina!" alijibu mchungaji, akidhani ni mahubiri.

Jumapili hiyo Mama Zawadi alisikia sentensi nzima. Ilikuwa ya kulalamikia bei ya dagaa. Alitoka ujiani akimrudia kila mtu aliyekutana naye ile bei ya dagaa, machozi yanamtoka, na watu wakampa pole wakidhani kuna msiba.

Angekomea kabatini, tungeishi kwa amani. Tatizo la Shemasi ni kwamba hakuweza kuona foleni akaiacha.

Siku ya sikukuu ya mavuno, pilau imeiva, watu wamejipanga mstari mmoja kama Waingereza, Shemasi akapanda juu ya kiti. Akatangaza kwamba mstari mmoja ni dhuluma. Kila familia iwe na mstari wake, na wapishi wagawe sahani moja kwa kila familia, kwa zamu. Tulijipanga, kwa sababu tulikuwa na njaa na yeye alikuwa juu ya kiti. Ndipo Papa Espoir, Mkongomani mwenye watoto ambao hata yeye alikuwa akiwasahau, akagundua kwamba mwanafunzi mmoja wa Kikenya asiye na mke wala paka ameshapata sahani yake, na yeye amepata moja ya kugawa kwa ukoo mzima.

"Bon," alisema Papa Espoir kwa sauti. "Mimi na huyu mama, tumeachana! Mupaka jioni!"

"Asante Yesu," alisema mkewe, akahamia mstari wa pembeni na nusu ya watoto.

Basi. Dada wawili waliokuwa wakiishi nyumba moja wakatengana. Mapacha wakakana undugu. Wanakwaya kila mmoja akawa familia. Bibi mmoja wa Kisii alijitangaza familia mbili, ya Kisii na ya Birmingham, akasimama katikati ya mistari yake miwili, mguu huku na mguu kule. Mimi nilitarajia Shemasi akasirike. Wapi! Alikuwa analia kwa furaha.

"Hivyo ndivyo zile programu za kupakua sinema zinavyofanya!" aliniambia akijifuta macho. "Zikiona kila mmoja anapewa foleni moja, zinajigawa! Dada, umeona? Papa Espoir hajasomea haya mambo!"

"Watoto hawajakula, Shemasi."

"Watakula. Lakini umeona?"

Mwaka uliofuata alikuja na sheria mpya. Kugawa kwa sahani kulimpendelea mwenye sahani kubwa, kwa hiyo sasa tutagawa kijiko kwa kijiko: kijiko kimoja kwa kila sahani, kuzunguka ukumbi mzima, kisha kuanza upya. Pilau ilipoa, wapishi wakavua aproni na kwenda kukaa kwenye magari yao. Shemasi alizunguka ukumbi akifikiri, mikono nyuma, halafu akapiga kofi la mkono mmoja kwenye paja.

"Si lazima tugawe kijiko kwa kijiko," alisema. "Tunawaza tu kwamba tunagawa kijiko kwa kijiko. Tunajiuliza, je, nani angejaza sahani yake kwanza? Huyo apewe sahani yake nzima kwanza. Halafu anayefuata."

Kwa maneno mengine, anayetaka kidogo atangulie. Papo hapo ukumbi mzima ukawa wa watu wasio na hamu ya kula. "Mimi kidogo tu," alisema mchungaji, akapewa mapema, akarudi, akasema "kidogo tu" tena. Shemasi akamsimamisha. Anayerudi, alieleza, harudi kama mgeni. Anaendelea pale alipoishia, na vijiko alivyokwisha kula vinakumbukwa. Mchungaji akaenda nyuma ya wote na sahani yake mkononi. Na mimi, ambaye ni muuguzi na sipendi kusifu upuuzi, nasema wazi: tangu siku hiyo wazee wetu waliotaka mchuzi kidogo na kipande cha chapati hawakungoja tena nyuma ya milima ya wali. Nilikasirika kwamba alikuwa sahihi.

Nje ya kanisa hakuna aliyemwelewa. Siku moja alikuwa na pakiti moja ya maziwa katika duka kubwa, na mbele yake mwanamke mwenye kitoroli kilichojaa hadi juu. Shemasi akamweleza mhudumu wa malipo, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba ingekuwa haki zaidi akipitisha bidhaa moja ya huyu mama, kisha moja ya kwake, kisha moja ya yule bwana wa nyuma, kuzunguka hivyo. Kila aliyepinga alimpa sababu. Katika mji huu unaweza kumtukania mtu mama yake na akakusamehe kabla ya jioni, ila usiguse foleni. Watu walianza kupiga kelele. Mlinzi akaitwa, na mlinzi, akiwa amevaa koti lake la kazi na redio begani, alikuwa Papa Espoir.

"Shemasi," alisema, "minakuheshimu. Mais toka."

"Nina maziwa tu."

"Najua. Kutoka nayo huwezi, na kubaki huwezi. Acha maziwa, nitakulipia mimi."

Nilikuwepo. Nilijifanya nasoma bei ya sabuni.

Kukutana naye mara ya kwanza ilikuwa kazi. Alianza na neno moja. "Habari." Akangoja. Ukijibu, alileta mawili: "Habari za safari?" Akangoja. Ukijibu, manne, kisha manane, kila mara mara mbili ya yaliyotangulia, na kama hukumkatiza, kufikia mlango wa basi alikuwa anakumwagia historia nzima ya simu za mezani. Lakini ukisema "Eti?" mara moja tu, alijikata katikati. Alipunguza maneno nusu, akaanza kupanda tena taratibu, neno kwa neno, akikuangalia usoni. Hakuwahi kuona ni ufidhuli kwako wewe kutoelewa. Aliona ni kosa lake kutuma zaidi ya njia inavyobeba. Kwenye simu alikuwa hivyo hivyo: "Nimepata mpaka 'daktari'. Rudia kuanzia hapo."

Na mtu huyo huyo, ukimpa sala ya kufunga ibada, umekwisha. Aliomba bila zamu, bila kipimo, bila huruma kwa waliobanwa na haja. Alimwombea kila mmoja kwa jina lake, yeye ambaye majina aliyaita urembo, na akimaliza wa Nechells alianza wa kwao, kisha mabaharia. Watoto walimwonyesha ngumi kutoka viti vya mbele, ngumi halisi, nyingi. Alikuwa amefumba macho. Nilipomkabili na chai baadaye, alishangaa.

"Dada, Mungu kiganja chake kiko wazi muda wote. Kwa nini nipunguze?"

"Na sisi?"

"Ninyi mlikuwa mnasikiliza mazungumzo ya watu wengine," alisema, akanionyesha vidole viwili.

Alipewa darasa la Jumapili la watoto, kwa sababu mwalimu wao alikuwa amepata zamu za wikendi. Alitakiwa kuwafundisha habari za mchungaji mwema na kondoo. Aliwafundisha cha kufanya ukionyeshwa ngumi. Mama Zawadi alikuwa pale, kiti cha nyuma, kwa vile chumba cha watoto ndicho chenye hita inayofanya kazi. Mimi nilipeleka juisi, nikasimama mlangoni nikasikiliza.

"Mwenzako akikuonyesha ngumi, unanyamaza," alisema Shemasi. "Lakini huondoki. Mnaelewa? Huondoki. Kwa sababu inawezekana amefungua mkono na wewe hukuona. Yeye anakungoja wewe, wewe unamngoja yeye, na mtakaa hivyo mpaka Bwana arudi. Kwa hiyo mara moja moja unapeleka kitu kidogo sana. 'Nafasi iko?' Basi. Halafu unangoja tena."

"So you just keep poking him?" aliuliza binti mmoja wa Papa Espoir.

"Yes," alisema Shemasi. "Politely."

Mama Zawadi alilipenda somo hilo kuliko mahubiri yote ya mwaka. Kuanzia hapo hakumsalimia Shemasi kwa njia nyingine. "Shemasi, nafasi iko?" Na yeye, kwa uzito wote wa afisa wa serikali, alitazama ndani ya nafsi yake, akapima, akatoa vidole viwili. Mama Zawadi kwa kawaida ni mtu wa kuongea mfululizo, hata kupumua anasahau. Kwa Shemasi alisema yanayotosha vidole viwili, akaenda zake akicheka.

Sasa nifike kwenye Jumapili ya askofu.

Askofu mgeni alikuwa anatoka London, mtu mkubwa, na mchungaji wetu alikuwa ameshawatangazia ndugu wa mabara matatu waangalie ibada moja kwa moja. Wiki hiyo hiyo Mama Zawadi akapata habari kwamba yule jirani wa Uvira anahamia Kalemie Jumatatu, na simu yake. Jumapili hiyo ingekuwa ya mwisho, mpaka simu nyingine ipatikane, na hakuna aliyejua itapatikana lini. Mama Zawadi hakuomba lolote. Alinieleza mimi tu, wakati wa kuosha vikombe baada ya mazoezi ya kwaya, na Shemasi alikuwa mgongoni mwetu akifunga kabati.

Mchungaji akaingia jikoni akiwa na furaha.

"Shemasi, hii Sunday hizo story za zamu weka kando kidogo. Livestream ipewe line yote."

"Haiwezekani, Mchungaji."

"Kwani ni ngumu?"

"Ni rahisi sana. Ndiyo maana haiwezekani."

"Ni neno la Mungu, Shemasi. Lazima lipewe priority."

"Kisanduku hakijui neno la Mungu na neno la mama mtu. Kinajua nani ana zamu."

Mchungaji alinyoosha mkono. Si mtu mbaya. Alikuwa na askofu wa kulisha. "Basi nipe ufunguo," alisema.

Shemasi aliushika ufunguo pale kifuani. Nilimwona anapima, vile alivyopima chai. "Nitakupa Jumatatu," alisema, akatoka.

Jumapili ilifika na ukumbi ukajaa. Askofu alikuja na watu wake, mabasi mawili madogo, na kila mmoja wao akaomba nywila ya intaneti kabla hajaomba kiti. Mchungaji, kwa ukarimu, aliwapa wote. Shemasi alikaa kiti chake cha mwisho, mikono magotini. Askofu akaanza kuhubiri kwa nguvu, na wageni wake wote wakatoa simu wakafungua matangazo, wapate kujiona kama wanaonekana nyuma yake. Watu wengi walikuwa ndani ya ukumbi, mbele ya askofu mzima wa nyama na damu, wakimtazama kwenye simu. Kila simu ikapata foleni yake. Kila foleni ikapata zamu yake. Na matangazo yenyewe, nayo, yakapata zamu moja kama simu ya mtu yeyote.

Askofu akaganda. Ukumbini aliendelea kutoka jasho, ila kwenye skrini za Eldoret, Bukavu na kwingineko alisimama mdomo wazi, kidole juu, jicho moja limefumba. Mwanzoni, tuliambiwa baadaye, walidhani ni kimya cha kinabii. Shangazi zangu wa Eldoret walisimama na kuinua vidole pamoja naye. Walikaa hivyo. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu ya mchungaji: askofu ni mzima? Askofu amenyakuliwa? Na kama amenyakuliwa, mbona sisi bado tuko hapa?

Mchungaji alikimbilia kabatini. Lilikuwa limefungwa. Aligeuka kumtafuta Shemasi, na Shemasi akamwonyesha ngumi, taratibu, bila hasira.

Mimi nilikuwa ujiani na birika. Mama Zawadi alikuwa kati ya makoti, simu sikioni, na kwa mara ya kwanza hakuwa anapiga kelele. Sauti ya mama yake ilitoka safi, hata mimi niliisikia. Nilidhani watalia, watabarikiana, watapeana wosia. Waligombania sufuria.

"Sufuria yangu ya mufuniko," bibi alikuwa anasema, "juu ya nini ulimupatia Fatuma?"

"Mama, sikumupatia. Aliazima."

"Aliazima! Mwaka gani? Wali yangu napika na nini?"

"Mama, mi niko Ulaya, unaniuliza sufuria?"

"Nimuulize nani? Weye ndiye ulimufungulia mulango."

Muda wote ulikwenda kwenye sufuria. Mama Zawadi alijitetea, akashambulia, akamtaja dada yake, akacheka mpaka akashika koti la mtu asianguke. Bibi naye akaanza kucheka, kicheko cha mapengo. Halafu akasema betri iko naisha.

"Mama, nakusikia muzuri," alisema Mama Zawadi.

"Na mimi nakusikia," alisema bibi. "Nasikia kama uko hapa jikoni. Uongeze kidogo, basi."

Simu ikakatika pale. Mama Zawadi aliitazama, akaifuta kwa kanga, akanyoosha mkono nimpe chai.

Jumatatu Shemasi alimpelekea mchungaji ufunguo nyumbani kwake. Hakuna aliyemfukuza. Baraza lilimshukuru kwa utumishi wake, likaleta kampuni ya kutengeneza intaneti, na hiyo ni njia moja ya kumfukuza mtu kanisani. Alikuja Jumapili chache, akakaa mbali na kabati, na Mama Zawadi akamsimulia ugomvi wa sufuria, wa kutosha vidole viwili. Chai aliichukua mwenyewe. Kisha hakuja tena, na mimi nilikasirika, na kanisa na yeye pia, kwa kwenda bila hata neno moja.

Bibi wa Uvira alifariki kabla simu nyingine haijapatikana. Nilipokwenda Winson Green kumpa pole Mama Zawadi, nilijiandaa kwa maneno yote tunayosema. Alinikatiza. "Sister," alisema, "tulimalizaka maneno ya sufuria. Yote."

Mwaka jana nilianza zamu za wikendi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na kwenye chumba cha dirisha nikamkuta Shemasi. Kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ukawa ngumi isiyofunguka, wa kushoto ulilala juu ya blanketi bila kazi, na sauti ilikuwa imekwenda. Watu wa kanisani walipopata habari walikuja kwa wingi, kwa upendo wa kweli. Mchungaji alikuja, akaomba msamaha mrefu, akaimba. Wote waliongea kwa pamoja, wakamwonyesha picha, wakapiga simu Eldoret wakamwekea skrini usoni. Shemasi alifumba macho. Baada ya majuma machache walisema hayupo tena pale ndani, wakaacha kuja. Ngumi yake ilikuwa juu ya blanketi, kila mtu anaiona.

Mama Zawadi alikuja peke yake Jumapili moja mchana. Alivuta kiti, akaweka mkoba sakafuni, akasema, "Shemasi, nafasi iko?"

Hakuna kitu. Hakuongeza neno. Alimenya chungwa, akala, akatazama nje kwenye paa za Winson Green, na baada ya muda mrefu akauliza tena yale yale, kwa sauti ile ile. Kisha akaaga kwa kichwa, akaenda. Jumapili iliyofuata akaja tena. Na nyingine. Mimi nampenda Shemasi, lakini mimi ni muuguzi, na nimeona wengi.

"Mama Zawadi," nilimwambia mlangoni, "usijichoshe. Hajibu mtu."

"Nani alisema nangoja jibu?" alisema. "Ngumi haiko kusema hapana, Sister. Iko kusema ngoja."

Nilikuwa na birika mkononi siku ilipotokea, nikimpa Mama Zawadi chai na Shemasi kikombe chake cha mdomo mrefu, kwa mazoea tu. Mama Zawadi aliuliza. Tulikaa. Mkono wa kushoto, ule uliolala, ukasogea kwenye blanketi. Kidole kimoja kikainuka.

Mama Zawadi hakupiga kelele. Nilimwona akimeza yote aliyokuwa nayo, miaka ya maneno, akatoa moja.

"Habari."

Akangoja. Shemasi alifumba macho, akafumbua. Alikuwa amepata. Vidole vikawa viwili.

"Sufuria ilipatikana," alisema Mama Zawadi.

Shemasi alimtazama. Vidole viwili vilibaki juu.

"Fatuma aliirudisha na mufuniko," alisema Mama Zawadi, polepole, akiyapima maneno kwa macho.

Kitu kikamtoka Shemasi kifuani, sauti mbaya, kavu, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Mkono wa kushoto ukatetemeka juu ya blanketi. Kidole cha tatu kikafunguka, na cha nne, na gumba, mpaka kiganja chote kikalala wazi kikitazama dari. Mama Zawadi akavuta kiti karibu, akaanza kuongea.

Nami, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mtu huyu, nilimwaga chai yote kwenye kisahani.